Chupa na Mizani

Ipo imani moja iliyoenea siku hizi, nayo imewashika wasomi na wasiosoma kwa pamoja: kwamba kitu kikitoka dukani ndani ya chupa yenye lebo ni sayansi, na kitu hicho hicho kikitengenezwa nyumbani ni kubahatisha. Nayaandika haya kuipinga imani hiyo. Nitaipinga kwa mfano ambao huenda ukamshangaza msomaji, maana si mfano wa dawa wala wa chakula cha watoto, bali ni wa lishe ya matumbawe yanayofugwa ndani ya tangi la kioo. Nimeuchagua kwa sababu karibu kila kitu ndani yake chaweza kupimwa, na penye kipimo ubishi hauna pa kujificha.

Huku kwetu pwani matumbawe tunayaona maji yakitoka, tunayakanyaga, tunayajengea nyumba. Ni nani basi atakayeyafuga? Lakini katika nchi za baridi, hasa Ujerumani na Marekani, wako watu wengi wanaoyafuga sebuleni, chini ya taa kali, katika maji yaliyochanganywa chumvi hadi yafanane na ya bahari, na pampu zikiyasukuma usiku na mchana badala ya mawimbi. Binti yangu amefanya maskani Ujerumani, na tangu nistaafu nimekwenda mara kadhaa kukaa kwake. Mjukuu wangu ana tangi la lita 200. Matumbawe yake hayakutolewa baharini. Ni vipande vilivyokatwa kutoka kwa wafugaji wengine, vikapandikizwa juu ya mawe, vikakua. Mimi niliyefundisha kemia miaka mingi kabla ya kukabidhiwa uongozi wa chuo cha ualimu, nikajikuta nimerudi darasani, safari hii mbele ya mwanafunzi mmoja.

Tumbawe ni mnyama, jamaa ya yavuyavu. Mwili wake ni laini, lakini yale yaliyo magumu hujijengea nyumba ya mawe. Malighafi ya nyumba hiyo huichota majini: kalsiamu kwa upande mmoja, bikaboneti kwa upande wa pili. Hivyo viwili vikiungana hupatikana kalsiamu kaboneti, kitu kile kile kilicho katika ganda la yai, ganda la chaza na jiwe la chokaa. Baharini upungufu huu hauonekani, kwa sababu bahari ni ghala lisilokwisha. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban miligramu 420 za kalsiamu na miligramu 1,300 za magnesiamu, pamoja na ualkali wa nyuzi 7 hivi kwa kipimo cha Kijerumani. Ualkali ni uwezo wa maji kukabiliana na asidi, nao katika maji ya bahari hutokana zaidi na bikaboneti. Tangi ni ghala dogo lenye walaji wengi. Matumbawe yakistawi, siku chache tu hutosha kuonyesha upungufu, na yasipolishwa ujenzi husimama. Ukiendelea kuzembea, yanakufa.

Hapo ndipo chupa inapoingia. Dukani zimepangwa kwa safu, kila moja na rangi yake na picha ya bahari ya samawati. Mjukuu wangu alinunua mbili. Akanijia na moja mkononi akaniuliza, "Babu, humu ndani mna nini hasa?" Nikavaa miwani nikasoma lebo mbele na nyuma. Lebo ilieleza mililita ngapi zimiminwe kwa kila lita 100 za maji, na mara ngapi kwa juma. Ndani mna nini, na kwa uzito gani, haikusema. Kijana ameuliza swali la kwanza la kemia, swali ambalo tunatumia miaka kuwafunza wanafunzi waulize, na chupa imemnyamazia.

Sasa msomaji aniruhusu niitegue siri hiyo.

Njia ya kwanza ni maji ya chokaa. Huhitaji kuwa mkemia kuyafahamu. Kila aliyepita darasa la sayansi ameyaona: mwalimu anayaweka katika bilauri, mwanafunzi anapuliza kwa mrija, maji yanageuka meupe, na wote wanaandika daftarini kwamba pumzi ina kabonidayoksaidi. Maji hayo hayo ndiyo ambayo mfugaji Peter Wilkens aliwahimiza wenzake wa Ulaya wayatumie kulishia matumbawe katika miaka ya 1970. Unachukua unga safi wa kalsiamu haidroksaidi, yaani chokaa iliyozimwa, unautia katika maji yaliyosafishwa, unakoroga na kufunika, kisha unaacha yatulie. Lita moja ya maji ya joto la kawaida haimezi zaidi ya gramu moja na nusu hivi ya unga huo. Ukitia mwingi unakaa chini. Tena chokaa ina tabia ya kushangaza: sukari na chumvi huyeyuka vizuri zaidi maji yakipata moto, lakini chokaa hupungua kuyeyuka. Ukayachemsha ukidhani unaharakisha kazi, utapata machache.

Maji yaliyotulia juu, maangavu, ndiyo chakula. Yanachukua nafasi ya maji yaliyopotea kwa mvuke. Tuseme tangi la lita 200 hupoteza lita 2 kwa siku. Lita moja ya maji ya chokaa yaliyokolea ina miligramu 800 hivi za kalsiamu; lita 2 zina 1,600; gawanya kwa 200 upate miligramu 8 kwa kila lita ya tangi. Ualkali nao hupanda kwa nyuzi 1.1 hivi. Kalsiamu na ualkali huingia kwa uwiano ule ule ambao tumbawe huvitumia, na hakuna chumvi ngeni inayobaki nyuma.

Lakini maji hayo ni makali. Kipimo chake cha pH kinapita 12, ilhali cha maji ya bahari ni 8 na ushei. Ukiyamimina kwa pupa, pH ya tangi itaruka, na kalsiamu itaganda kama vumbi jeupe kabla tumbawe halijaionja. Kwa hiyo hudondoshwa, tone baada ya tone, na saa zifaazo ni za usiku. Usiku taa zimezimwa, miani haitumii kabonidayoksaidi, hewa hiyo huzidi majini na kushusha pH. Matone ya chokaa huja kuipandisha. Wahenga waliosema haba na haba hujaza kibaba hawakuwa na tangi la kioo, lakini mfugaji hatapata kanuni bora kuliko hiyo.

Njia ya pili ni ya chupa mbili, nayo ndiyo wauzaji wanayoipenda kuliko zote. Chupa moja ina kalsiamu kloraidi. Ya pili ina soda, ama bikaboneti ya sodiamu, ambayo ni soda ya kuokea ya jikoni, ama kaboneti yake, ama mchanganyiko wa zote mbili. Hiyo ndiyo siri yote. Mjerumani Hans-Werner Balling aliieleza njia ya namna hii hadharani katika miaka ya 1990, hata ikaitwa kwa jina lake. Mkemia Mmarekani Randy Holmes-Farley naye alichapisha mapishi yake mwaka 2006, gramu kwa gramu, kila mwenye mizani apate kuyafuata. Watu hawa walikuwa na uwezo wa kuficha wakauza. Hawakuficha. Huo ndio ualimu.

Hesabu yake haizidi ile ya kidato cha tatu. Tumbawe likitumia miligramu 20 za kalsiamu katika lita moja, hutumia pamoja nazo miligramu 61 za bikaboneti, yaani ualkali hushuka nyuzi 2.8. Uwiano huu haubadiliki kwa kuwa umeandikwa katika fomula ya jiwe lenyewe. Sasa, kurudisha miligramu 20 kwa lita katika tangi la lita 200 unahitaji gramu 4 za kalsiamu. Kalsiamu kloraidi ya chembechembe, ile yenye maji mawili katika molekuli yake, ina asilimia 27 ya kalsiamu. Utapima gramu 14.7. Upande wa pili utapima gramu 16.8 za soda ya kuokea. Kila moja inayeyushwa katika chombo chake. Zikikutana katika kopo moja zitatengeneza tope jeupe pale pale, na kazi yako yote itakuwa imelishwa kopo. Hutiwa tangini kwa nyakati tofauti, mahali ambapo maji yanakwenda kasi. Wala gramu hizo hazitiwi kwa siku moja. Mimi huzigawa kwa siku tatu, ualkali usipande zaidi ya nyuzi 1 kwa siku, kwa sababu mnyama hapendi kushtuliwa hata kwa kitu chema.

Anayetaka kuipandisha na pH kidogo huichoma soda ya kuokea katika joko la nyuzi 150 kwa muda wa saa moja. Inatoa mvuke na kabonidayoksaidi, inakuwa kaboneti, na gramu 16.8 zinabaki 10.6. Nilimwambia mjukuu wangu apime kabla na baada. Alipoona mizani imesoma kile ambacho karatasi ilikuwa imetabiri, alinyamaza kitambo. Hakuna chupa ya dukani itakayompa kijana saa kama ile.

Najua watakaonipinga, na hoja zao nimezisikia. Nitazijibu moja moja, kwa heshima.

Hoja ya kwanza husema: hizi ni kemikali, zina hatari. Ni kweli. Unga wa chokaa ukiingia machoni unaunguza, na kalsiamu kloraidi kavu ikitiwa majini huchemka kwa joto lake yenyewe. Lakini je, hatari hiyo huondoka kwa kuwa chupa imebandikwa picha ya samaki? Kemikali ni ile ile. Tofauti ni kwamba mwenye kuitengeneza anajua ameshika nini, kwa hiyo huvaa miwani, hutia unga katika maji wala si maji katika unga, huandika jina juu ya chombo na kukiweka mbali na watoto. Anayejua hatari hujikinga, na asiyeambiwa hatari hana cha kumkumbusha.

Hoja ya pili ni ya usafi wa malighafi, nayo ndiyo nzito. Kalsiamu kloraidi inayouzwa kuyeyushia barafu barabarani si ile ya kutengenezea jibini. Chokaa ya kupakia kuta ina takataka nyingi zisizojulikana, wala sithubutu kuitia tangini. Magadi ya sokoni kwetu, yanayotoka katika maziwa ya chumvi ya Bonde la Ufa, ni mchanganyiko wa kaboneti, bikaboneti na vitu vingine. Hayafai kuchukua nafasi ya soda ya kuokea. Jibu langu ni kwamba hoja hii haitetei chupa. Inatetea kuchagua. Anunuaye kalsiamu kloraidi ya daraja la chakula anaambiwa usafi wake kwenye mfuko. Anunuaye chupa isiyotaja hata jina la kilichomo ameambiwa nini juu ya usafi wake?

Hoja ya tatu husema kwamba njia ya chupa mbili huacha chumvi. Ni kweli tupu. Klorini ya upande mmoja na sodiamu ya upande wa pili hubaki majini, na kwa vipimo vile nilivyovitaja hubaki gramu 11.7 za chumvi ya kawaida kila mara. Baada ya miezi chumvi huzidi na uwiano wa maji huharibika. Ndiyo maana hupimwa ukolezi wa chumvi, hubadilishwa sehemu ya maji, na ndiyo maana Balling aliongeza sehemu ya tatu, chumvi za bahari zisizo na sodiamu kloraidi, kusawazisha hesabu. Lakini chupa ya dukani iliyotengenezwa kwa vitu hivyo viwili huacha chumvi ile ile. Kanuni za maumbile hazisomi risiti.

Hoja ya nne haisemwi kwa sauti, bali huonekana usoni: kwamba kujitengenezea ni ubahili, na mtu wa heshima hununua. Hii sitaijibu sana. Nitasema tu kwamba katika chupa ya lita moja sehemu kubwa ni maji, na anayelipa bei ya maji hayo kila mwezi asimwite mwenzake bahili.

Hata hivyo, nisipowageukia na wa upande wangu nitakuwa nimepima kwa mizani iliyoinama. Wapo watetezi wa vitu vya nyumbani wanaoitia aibu hoja yetu. Hao hupima kwa kijiko, tena kijiko chenyewe leo cha chai na kesho cha mezani. Husema, "Nimezoea, najua kwa jicho." Jicho halioni kalsiamu. Maji yenye miligramu 300 na maji yenye miligramu 500 yanang'aa sawasawa. Wengine hupima kalsiamu wakasahau ualkali, au wakaona kalsiamu haipandi wakazidi kumimina, kumbe magnesiamu ndiyo iliyopungua; na magnesiamu ndiyo inayozuia kalsiamu kaboneti isigande ovyo majini. Tangi likiwa jeupe kama maziwa asubuhi, wanalaumu mapishi. Mtu kama huyo heri anunue chupa, ingawa na chupa ataimimina vile vile kwa jicho.

Kwa hiyo ugomvi wa kweli hauko kati ya nyumba na duka. Uko kati ya anayepima na anayekisia. Kanuni yangu ni fupi: usichokipima usikimimine, kiwe cha dukani au cha nyumbani, na ukishaweza kukipima, huna sababu ya kukinunulia siri. Vifaa vinavyotakiwa ni mizani ndogo, bomba la sindano lenye alama za mililita, vipimo vya kudondosha vya kalsiamu na ualkali, na daftari. Daftari nalitaja mwisho ingawa ni la kwanza. Mali bila daftari hupotea bila habari, na tangi bila daftari hufa bila sababu. Tarehe, kipimo cha asubuhi, gramu zilizotiwa, kipimo cha kesho yake: mistari minne tu, na baada ya majuma sita unajua matumbawe yako yanakula kiasi gani kwa siku kuliko lebo yoyote itakavyoweza kukuambia. Lebo iliandikwa kwa ajili ya tangi la kubuni. Daftari ni la tangi lako.

Msomaji wa Tanga au Lamu anaweza kuniuliza: haya yote yatuhusu nini sisi? Yanatuhusu sana, na hapa ndipo penye uchungu wangu.

Sisi watu wa pwani ni wajuzi wa chokaa tangu kale. Misikiti na majumba ya Kilwa, Gedi na Lamu yamejengwa kwa mawe ya matumbawe na kuunganishwa kwa chokaa iliyochomwa kwa kuni. Fundi wa tanuri alijua jiwe likichomwa vya kutosha hubakia jepesi. Alijua likinyunyiziwa maji hufoka moshi na kufumuka unga. Hakuita hiyo kemia, lakini ndiyo yenyewe: jiwe hutoa kabonidayoksaidi, chokaa hunywa maji, na ukutani hurudisha ile hewa ikawa jiwe tena. Ujuzi huo ulitukuka. Ulipokosea ni pale baadhi ya watu walipoacha mawe ya kale ya nchi kavu wakaingia na mitaimbo kwenye matumbawe hai, katika sehemu za Mtwara, Lindi na Mafia, wakayang'oa, wakayachoma. Jambo lililojengwa kwa miaka mingi likawa mfuko wa chokaa kwa siku chache, na samaki waliokaa humo wakakosa pa kukaa. Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia ilianzishwa mwaka 1995, na uvunjaji wa matumbawe ulikuwa miongoni mwa mambo yaliyowatia watu wasiwasi. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1998, maji ya Bahari ya Hindi ya magharibi yalipata joto kupita kiasi, na matumbawe mengi yakapauka na kufa hata mahali ambapo hapakufika mtaimbo.

Sasa nitazame shule zetu. Niliwahi kufika katika shule moja, nisiyoitaja, nikakuta maabara imefungwa kwa kufuli. Nilipouliza, nikajibiwa kwamba majaribio hayafanyiki kwa kuwa vifaa havijaletwa. Nje ya mlango ule ule palikuwa na pipa la chokaa ya kupakia kuta, limefunikwa kipande cha bati. Kwa jaribio la bilauri chokaa hiyo ingetosha kabisa, maana pale hapana mnyama wa kudhurika. Mwalimu kijana, aliyefuzu, mwenye cheti, alipita kando ya pipa hilo kila asubuhi akisubiri chupa ya maji ya chokaa kutoka mjini. Simlaumu yeye peke yake. Sisi tuliomfunza tulimfundisha jina la kitu, tukaacha kumwonyesha kitu. Kalsiamu haidroksaidi ilikaa ubaoni, chokaa ilikaa nje, hapana aliyewakutanisha.

Na laiti wangekutanishwa, jaribio lile la mrija lingesema mengi zaidi. Walimu wengi hulikatiza katikati. Mwanafunzi akipuliza, maji huwa meupe, basi wanaandika jibu na kumwaga. Mwambie asiache. Aendelee kupuliza. Weupe utapungua, na mwishoni maji yataangaa tena, kwa sababu kabonidayoksaidi ikizidi huiyeyusha kalsiamu kaboneti ikawa bikaboneti. Katika bilauri hiyo moja mna habari mbili: kwanza namna jiwe linavyozaliwa, halafu namna linavyoyeyuka hewa hiyo ikizidi. Bahari za dunia nazo zinameza sehemu ya kabonidayoksaidi inayotoka katika viwanda na magari, pH yake inashuka polepole, na kazi ya tumbawe ya kujenga inazidi kuwa ngumu. Bahari si bilauri, wala miamba haitatoweka kwa pumzi kumi. Lakini mtoto wa Pangani au Shimoni aliyeona weupe ule ukiondoka kwa pumzi yake mwenyewe hatahitaji kuhubiriwa sana juu ya mwamba ulio mbele ya kijiji chake.

Basi mjukuu wangu, mbali na bahari, analiongezea tangi lake gramu 14.7 na gramu 16.8 kwa uangalifu ili tumbawe lake liongezeke urefu wa ukucha. Sisi tuliopewa mwamba mzima bila kuununua, tunaoishi juu ya mawe ya chokaa, tunasubiri tuletewe chokaa ndani ya chupa. Hilo halitokani na umaskini. Tuna mizani sokoni, tuna soda jikoni, tuna chokaa uani, tuna bahari mlangoni. Tunachokosa ni uthubutu wa kusema: hiki nakijua, nitakipima, nitakiandika, na nikifundishe.

Siwaambii watu wa pwani wafuge matumbawe. Yaacheni baharini, ndiko kwao. Ninawaambia walimu, hasa wale vijana wanaotoka vyuoni na vyeti vipya, wasikubali kamwe kuwa wachuuzi wa lebo. Mwanafunzi akikuuliza ndani mna nini, usimtajie jina la chupa. Mpe mizani.